Kisu Chenye Maji

Mhunzi hakumpa mtu kisu mkononi. Alikiweka juu ya kigoda, akarudi nyuma kidogo, akangoja ukiokote mwenyewe. Ukinyoosha mkono kupokea, alijifanya hakuoni. Ilikuwa desturi ya wazee wake, kwamba kisu kikipita mkono kwa mkono huleta ugomvi kati ya watu. Nilimuuliza siku moja, Mlutheri mzima, mwimba besi kanisani, anaamini kweli mambo hayo? Akasema haamini hata kidogo. Ila mimi na yeye ni majirani, na hakuona sababu ya kujaribu.

Sitasema alizaliwa lini wala ni wa ukoo gani. Hayo wanayajua wenyewe, na mimi sikupanda milima ya Lushoto kwenda kuuliza koo za watu. Nilipanda kwa sababu nimeolewa. Mume wangu alikuwa bwana misitu, mtu wa kuja kama mimi, na nyumba tuliyopewa ilitazamana na kibanda cha uhunzi. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilitoka kwetu Muheza na kanga zangu mbili nyepesi, nikakuta ukungu umelala mpaka mlangoni na watu wamevaa makoti ya sufu saa nne ya asubuhi. Wiki ile ya kwanza nililia sana. Sauti pekee iliyonifariji ilikuwa ya nyundo yake, pigo moja zito, mawili mepesi, moja zito tena, kwa sababu ilinijulisha kwamba kuna mtu karibu na kwamba kwake kuna moto.

Nilipokwenda kusalimia nilikuwa nimejifunza maneno mawili ya Kishambaa, nikayatoa yote.

"Onga makeo," nikasema.

Ilikuwa jioni. Aliweka nyundo chini, akatazama jua linavyozama, akanitazama mimi.

"Makeo ni asubuhi," akasema. "Lakini karibu, Bi Harusi. Salamu ya kesho umeshaitoa."

Tangu siku ile jina langu likawa Bi Harusi. Nilizaa mtoto wa kwanza, wa pili, wa nne, nikanenepa, nikaota mvi za mapema, na yeye kutoka ng'ambo ya njia bado aliita, "Bi Harusi, ukungu umeamkaje?" Mume wangu mwenyewe alikuwa ameshasahau kwamba niliwahi kuwa bibi harusi.

Mke wa Mhunzi tulimwita Mpishi. Alikuwa amepika miaka mingi katika nyumba kubwa ya shamba la wazungu chini ya mteremko, na ukimtazama tu jikoni ulijua. Aliosha sufuria kabla chakula hakijafika mezani. Visu vyake havikulala na maji hata mara moja. Akishakata, anasugua kwa majivu laini aliyoyachekecha mwenyewe, anasuuza, anafuta, anakipitisha juu ya joto la jiko, anakipaka mafuta kidogo, ndipo anakirudisha ukutani. Ndimu wala limau havikugusa kisu chake kizuri. Alikuwa na kisu kingine kibovu cha vitu vichachu, na hiyo ilikuwa sheria aliyofundishwa na bibi wa shamba na ambayo hakuna serikali ingeweza kuifuta.

Mimi alinikatia tamaa mapema. Kwetu Muheza ndimu huingia katika kila kitu, katika samaki, katika mchicha, katika maji ya kunywa, na kisu changu kilishinda ubaoni na maganda yake mpaka nikikumbuke.

"Watu wa bondeni nyie!" alikuwa akisema, akikiokota kwa vidole viwili. "Kisu kinalala kichafu, na mwenyewe umelala! Huyu bwana misitu alikutoa wapi?"

"Alinikuta chini ya mchungwa, Mama."

"Angekuacha hapohapo."

Tulicheka, akanioshea kisu changu, akanipa na kabichi.

Sasa, pale katika nyumba kubwa palikuwa na kisu kimoja ambacho ndicho kilichomharibia Mhunzi amani yake ya maisha. Mpini wake ulilegea, na Mpishi akaruhusiwa kukipeleka nyumbani kwa mumewe. Mhunzi aliniambia kisa hiki mara nyingi, na kila mara alishusha sauti akifika hapa. Ubapa wa kisu ulikuwa na mistari. Haikuchorwa juu wala haikuchongwa. Ilikuwa ndani ya chuma chenyewe, mieusi na mieupe, inapinda na kukutana kama maji ya kijito yanavyozunguka mawe. Alikaza mpini mara moja tu, kazi ndogo. Kisha akakaa nacho mapajani mchana kutwa. Mpishi alipomuuliza bibi wa shamba kisu kile kilifanywaje, aliambiwa kwamba chuma chake kilikunjwa, kikafuliwa, kikakunjwa tena, tabaka juu ya tabaka. Zaidi ya hapo bibi hakujua.

"Aliyefanya hiki," Mhunzi alimwambia mkewe, "ana mikono miwili kama mimi."

Uhuru ulipokuja wenye shamba waliuza na kuondoka. Mpishi ndiye aliyefunga vyombo. Alikifunga kisu kile kwa mikono yake katika gazeti, akakiweka kwenye kreti, akapigilia misumari. Hakulilia nyumba wala kazi. Alifurahia Uhuru, alicheza ngoma mpaka viatu vikaachia. Lakini kisu kile kilimuuma. Kila akikata nyama kwa kisu kingine alitikisa mkono kidogo na kusema, "Mkono wangu unakikumbuka." Hakusema kwa kulalamika. Alisema tu, kama mtu anavyosema goti linauma. Na mumewe, aliyekaa mlangoni akisubiri chakula, alilisikia neno hilo kila siku.

Hiyo ndiyo kazi aliyojipa. Alitaka kumfanyia mkewe kisu chenye maji.

Hapa niseme jambo moja la kuchekesha. Mtu huyu aliyefua visu, miundu na mapanga ya mgongo mzima wa mlima, mwenyewe hakuweza kumenya kiazi. Nimemwona kwa macho yangu akikichonga kiazi mpaka kikabaki kama gololi. Mkate alikata kwa kuuvunja. Ndevu alinyolewa na mkewe, Jumamosi, nje, kwenye jua, amefumba macho na kushika magoti yake kwa mikono miwili. Cheche zikimrukia mkononi hakushtuka, lakini wembe ulipofika kooni alianza kuimba wimbo wa kanisani chinichini, na Mpishi akamwambia anyamaze asije akakatwa katikati ya ubeti.

Alikuwa mchoyo wa maneno na mwingi wa maneno kwa pamoja. Kwa watu alisema "Tutaona." Mvua itanyesha? Tutaona. Jembe langu tayari? Tutaona. Lakini akiwa peke yake na chuma alizungumza nacho mfululizo, Kishambaa kitupu, akakibembeleza, akakitukana, akakiomba radhi. Nilimwambia Mpishi kwamba mumewe anaongea na chuma kuliko na yeye. Akanijibu, "Mwache. Chuma hakimjibu, na mimi namjibu."

Njia ya kisu kile ilikuwa ndefu. Alitafuta springi za malori yaliyokufa kwenye kona za barabara ya Mombo, maana hicho ni chuma kigumu, na pete za mapipa ya zamani, maana hicho ni laini. Alivikata vipande sawa, akavipanga kigumu na laini, kigumu na laini, akavifunga kwa waya na kuvitia katika mkaa wa miti ya muwati mpaka vikawa vyeupe. Kisha nyundo. Mwanzoni vilikataa kushikana. Alipiga, na vipande vikafunguka ukurasa kwa ukurasa, akavitupa nje kwenye majani, na kuku wetu wakakimbia. Akajaribu udongo. Akajaribu mchanga mweupe wa mtoni, akiunyunyiza juu ya chuma kikiwa motoni ili uchafu uyeyuke na kutoka. Mchanga ulimsaidia. Siku chuma kiliposhikana alituita, mimi na Mpishi, tuje tusikilize. Alipiga fuawe, lile chuma la kufulia, akapiga tofali lake jipya la chuma.

"Mnasikia? Kinalia kama kimoja."

Hatukusikia chochote. Tulisema tumesikia.

Baada ya hapo alikunja, akafua, akakunja tena, mpaka akapata kisu. Akakinoa kwenye jiwe, akakisugua uso wake mpaka ukang'aa. Tukasogea wote watatu kutazama. Kilikuwa cheupe kitupu, kisu kama kisu. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

Mpishi alimuuliza taratibu, "Bado?"

"Bado," akasema Mhunzi. "Ni chuma tu."

Akakirudisha motoni. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka. Alibadili chuma, akaongeza mikunjo, akapunguza mikunjo, akalipinda tabaka kama kamba kabla ya kulifua. Kila kisu kilitoka cheupe. Alikuwa na imani kwamba mistari huzaliwa motoni na kwamba siku akipata moto wenyewe itaonekana. Kila kisu kilipong'aa, mkewe aliuliza "Bado?" na yeye akajibu "Bado." Nilikuwa nikiona anavyoinamisha kichwa akilijibu neno lile, na nilikuwa nageuka nitazame kwingine.

Kisha vikaja vijiji vya Ujamaa. Kwetu pale hatukuhamishwa mbali, tulisogezwa tu na kupewa mwenyekiti, na kibanda cha Mhunzi kikawa karakana ya kijiji. Mwenyekiti alikuja na wajumbe wake, mtu mwema mwenye sauti ya mkutano hata akiongea na mtu mmoja.

"Ndugu Mhunzi! Shamba la kijiji linahitaji majembe. Hatuwezi kuendelea na visu vya kukatia vitunguu!"

Mhunzi alifikiri.

"Ndugu Mwenyekiti, jana nyumbani mlikula nini?"

"Makande."

"Yalikuwa na vitunguu?"

Wajumbe walikohoa. Kesho yake mke wa Mwenyekiti alipita kwa Mpishi kuulizia kama kuna kisu chochote, maana chake kilivunjika. Mwishowe wakapatana kwamba majembe kwanza, na kinachobaki cha jioni ni cha Mhunzi. Hakulalamika. Alifua majembe mazuri, na kwa kuwa chuma kilikuwa shida, visu vyote vilivyomshinda vilikwenda humo humo. Nikifikiri leo nacheka peke yangu. Shamba letu la kijiji, lililotoa mahindi machache na hotuba nyingi, lililimwa kwa chuma kilichokunjwa kwa upendo kuliko chuma chochote cha nchi hii.

Visu viwili tu viliepuka moto. Vilitoka katika tofali moja la chuma, vya mwisho kabla sisi hatujahama. Cha kwanza Mpishi alikishika na kukataa kukiachia.

"Hiki sikurudishii," akasema. "Kinakaa vizuri mkononi. Mistari siijali tena."

"Unaijali."

"Naijali," akasema Mpishi. "Lakini nataka kukata kabichi leo."

Cha pili alikiweka juu ya kigoda siku mume wangu alipopata uhamisho kwenda misitu ya Amani. Lori la Idara lilikuwa limeshapakiwa, watoto wamekaa juu ya magodoro. Mhunzi akarudi nyuma, akangoja.

"Kimeshindikana kama wenzake," akasema. "Lakini kitakata. Chukua, Bi Harusi."

Nilikiokota. Nikamkumbatia Mpishi, akaniambia nisikilaze kisu kichafu, nikaahidi, na wote wawili tulijua ninadanganya. Tangu siku ile nimepanda na kushuka milima mingi, na sijapata tena jirani ambaye nyundo yake iliniamsha nikashukuru.

Huko Amani tulikaa Sigi, kisha Kwamkoro kwenye mashamba ya chai. Niliishi karibu na Muheza yangu tena, machungwa na ndimu kwa magunia, na kisu cha Mhunzi kilikata vyote na kulala ubaoni na maganda yake. Kilianza kupata weusi. Nikadhani ni uchafu, nikasema Mpishi angeniona sasa angenipiga kofi. Halafu habari ikatufikia kwa mtu wa misitu aliyetoka Lushoto, kwamba Mpishi amefariki. Aliugua kifua majira ya baridi, hakufika masika. Nililia chini ya migomba siku nzima. Safari zilikuwa ngumu miaka ile, mafuta hayakuwepo, na mpaka unapata basi msiba umeshaanuliwa.

Ilikuwa baada ya msiba ule. Tulikuwa tunapika harusi ya jirani, wanawake wengi chini ya turubai, na mchuma chai mmoja, mama kutoka Singida aliyekuja kufanya kazi shambani, aliomba kisu changu. Alikata ndimu moja, akasimama.

"Mama, nani amekichora kisu chako?"

"Hakikuchorwa. Ni uchafu huo."

"Uchafu gani unapita kama mto?"

Nilikichukua. Nilikifuta kwa upindo wa kanga, nikakiinua kwenye mwanga. Mistari mieusi na mieupe, inapinda, inakutana, inazunguka kama maji kwenye mawe. Ilikuwapo kutoka mpinini mpaka nchani. Nilipiga kelele wanawake wakadhani nimejikata. Nikakaa chini kwenye maganda ya vitunguu na kisu mapajani.

Maana nilielewa yote kwa pamoja. Mistari ilikuwamo tangu mwanzo, katika kila kisu. Moto ulishafanya kazi yake. Kilichokosekana ni uchachu tu wa kuitoa nje, na uchachu huo ulikuwa kitu pekee ambacho Mpishi hakuruhusu kigusane na kisu chake. Na kama kuna doa lililothubutu kujitokeza, majivu yake yalilifuta siku hiyohiyo.

Mabasi yalipoanza kupatikana tena nilikwenda. Nilishuka Muheza, nikapita Korogwe, nikapanda kutoka Mombo katika kona zile nikiwa nimekumbatia kikapu. Nilimkuta Mhunzi amekaa mlangoni mwa jiko la mkewe. Kibanda kilikuwa kimya, mivukuto ya kupulizia moto imekauka ukutani. Ndevu zake zilikuwa ndefu, nyeupe. Hakuna aliyemnyoa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akanitazama sana. "Bi Harusi. Onga makeo."

Ilikuwa jioni. Tulicheka, na katika kicheko kile nikaanza kulia, akaniacha nilie mpaka nimalize, akanitengea chai.

Nilikiweka kisu juu ya kigoda. Nikarudi nyuma.

Alikiokota. Alikipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakigeuza, akakigeuza tena. Akapitisha kidole juu ya mistari, kutoka mpinini mpaka nchani.

"Umekifanya nini?"

"Nimekatia ndimu. Sikukiosha."

"Ndimu?"

"Ndimu tu, baba."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakitazama tena, na nilimwona anafika pale nilipokuwa nimefika mimi kule Kwamkoro.

"Kumbe alikuwa nacho," akasema. "Miaka yote ananiuliza bado, namjibu bado, na yeye amekishika mkononi."

Akakirudisha kisu changu juu ya kigoda. Aliingia jikoni, akatoka na kitu kilichofungwa katika kipande cha kanga. Alikifungua juu ya kigoda. Kisu cha Mpishi kiling'aa katika ukungu ule wa jioni kama kilivyong'aa siku ya kwanza, bila doa, bila kutu, na mafuta mepesi juu yake. Nikatoa ndimu kikapuni, nikaikata vipande viwili kwa kisu changu, nikamnyooshea kimoja.

"Pakaza, baba. Kitatoka. Mistari ni ileile."

Alikishika kipande cha ndimu. Alikisogeza karibu na kisu, tone likaanza kukusanyika chini yake, na akaurudisha mkono haraka.

"Mng'ao huu haukufanywa na moto," akasema. "Ni mkono wake. Alikisugua hiki asubuhi, akajilaza, na mchana hakuamka tena. Nikipakaza, nitaona kazi yangu. Na yeye nitamwona wapi?"

Nje ukungu ulikuwa umefika mlangoni. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama kweli hataki kuona.

"Bado," akasema.

Akakifunga kisu cha mkewe katika kanga yake, kunjo juu ya kunjo. Kisha akakikamulia kile kipande cha ndimu ndani ya kikombe changu, kwa kuwa alikumbuka jinsi watu wa bondeni wanavyokunywa chai.